Mtaa wa Tabora Uko Brussels

Katikati ya Brussels, jirani kabisa na jengo la zamani la soko la hisa, kuna mtaa mfupi unaoitwa Tabora. Jina limeandikwa ukutani kwa Kifaransa na Kiholanzi, na wapita njia hawalitazami mara mbili. Mtu wa Kakonko, mkoani Kigoma, hawezi kulipita hivihivi. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, yaliingia Tabora baada ya kuvuka Rwanda, Urundi na Kigoma, na Wajerumani wakakimbilia kusini. Tombeur akapewa ubaroni na kuitwa Tombeur de Tabora. Mtaa nao ukapata jina. Maelfu ya wapagazi waliobeba mizigo ya ushindi huo hawakupewa hata kichochoro. Tangu hapo hadi Machi 1921, Waingereza walipokabidhiwa, milima yetu ya Buha, kuanzia Buyungu na Muhambwe hadi Heru, ilikuwa chini ya Mbelgiji.

Mwenyeji wangu Brussels ni Mrundi wa Ruyigi, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Yeye huongea Kirundi, mimi Kiha, na hatujawahi kuhitaji mkalimani. Siku hiyo hakuwa na hamu ya historia. Alinivuta hadi nyumba namba 11, tukapita ujia mwembamba kati ya kuta mbili, tukatokea kwenye baa ya À la Bécasse, iliyofunguliwa mwaka 1877. Ndani kuna meza ndefu za mbao ambazo watu wasiojuana huketi pamoja. Bia ililetwa kwenye jagi la udongo uliochomwa, ikamiminwa kwenye glasi. Haikuwa na povu la maana. Ilikuwa lambic, bia ya kale ya bonde hili la Brussels, na hii ya kwetu ilikuwa imetiwa utamu kidogo. Juu yake utamu, chini yake uchachu unaokaza taya, na katikati harufu ya tunda lililoiva mno. Nikaiweka chini, nikamtazama mwenzangu.

"Kaka," akasema, "hii ni urwarwa iliyokwenda shule."

Urwarwa ni pombe ya ndizi ya kwao. Wahaya wana rubisi, Wachaga wana mbege, na sisi wa Kakonko tunayo ya kwetu, ambayo siku hizi mtu huificha mgeni anapokuja.

Kesho yake tulikwenda Anderlecht, kwenye kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900, ambacho hutengeneza lambic na hupokea wageni kama makumbusho. Kwa aliyezoea kuona picha za viwanda vya bia vyenye matangi yanayong'aa, pale pana sura ya ghala la babu. Darini, chini ya mapaa, kuna sinia kubwa la shaba lenye upana wa chumba na kina kifupi. Maji ya kimea cha shayiri na ngano yaliyochemshwa humwagwa humo usiku, madirisha yakiwa wazi, yapoe kwa upepo wa nje. Hakuna anayetia hamira. Hamira inakuja na hewa, inakaa kwenye mbao za paa, na asubuhi kazi imekwisha kuanza. Kwa sababu hiyo hupika miezi ya baridi tu, takriban Oktoba hadi Aprili. Wakati wa joto hewa huleta vijidudu wasivyovitaka. Baadaye bia hulala kwenye mapipa ya mbao mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, kisha changa na kongwe huchanganywa zikawa gueuze, ambayo huchachuka tena ndani ya chupa. Buibui wameachwa na tando zao, kwa kuwa wanakula nzi wanaofuata mapipa.

Nilisimama mbele ya lile sinia nikafikiria mtumbwi wa kukamulia wa nyumbani kwetu. Wasioujua niwaeleze. Ndizi za pombe hufukiwa shimoni pamoja na majani ya mgomba, shimo likiwa limepashwa moto kwanza, zikaiva kwa siku chache hadi maganda yanatoka kwa vidole. Humenywa, hutiwa kwenye mtumbwi uliochongwa kwa gogo, halafu hukandwa pamoja na nyasi kavu. Hizo nyasi zina kazi: bila hizo unapata uji, pamoja nazo maji yanajitenga na nyama ya tunda. Maji hayo hayajalevya, ni matamu, na watoto huyapigania. Kisha yanachujwa, yanaongezwa maji kidogo, unatiwa unga wa mtama uliokaangwa na kusagwa, mtumbwi unafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa. Mtama huo na mbao za ule mtumbwi ndivyo vyenye hamira. Mama yangu mkubwa hakuruhusu mtu aguse mtumbwi wake kwa sabuni. Watu wa afya walipopita kijijini wakimwambia ausugue, aliitikia vizuri sana na hakuusugua. Kama angeishi Anderlecht, wageni wangelipa kiingilio wamwangalie.

Nisieleweke vibaya: maji ya kuongezea ni jambo jingine. Pale Cantillon yanachemka pamoja na kimea, kwetu mara nyingi yanatoka kisimani moja kwa moja, na hapo mtu wa afya ana haki ya kugomba. Lakini hakuna aliyekuja akatenganisha mambo hayo mawili, akasema huu mtumbwi acheni, haya maji chemsheni. Tuliambiwa vyote ni uchafu.

Kutoka Brussels tukaenda Flandria ya Magharibi, nchi tambarare hadi inachosha macho. Mtu wa milimani anatafuta kitu cha kupanda na hakipati. Karibu na mji wa Poperinge mashamba yana nguzo ndefu zilizounganishwa kwa waya, na juu yake unatambaa mmea wa hopsi, ambao maua yake huipa bia uchungu na kuizuia isiharibike. Ukiendelea unafika kwenye monasteri ya Sint-Sixtus, Westvleteren. Wamonaki wa Trapisti walianza kuishi hapo mwaka 1831 na miaka michache baadaye wakaanza kupika bia. Watrapisti wanafuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, inayotaka mmonaki aishi kwa kazi ya mikono yake. Wengine hutengeneza jibini, wengine hulima, na Ubelgiji wengi waliangukia bia, kinywaji cha kila siku cha nchi isiyootesha zabibu za kutosha.

Kwa miaka mingi bia ya Westvleteren haikuwa na lebo. Uliitambua kwa rangi ya kizibo. Kali kuliko zote inaitwa 12, ina kilevi cha asilimia 10.2, karibu mara mbili ya bia za dukani kwetu. Duniani kuna watu wanaoitaja kuwa bora kuliko zote, na mfanyabiashara yeyote angejenga kiwanda cha pili, cha tatu. Wamonaki wamekataa. Wanapika kiasi kinachotosha kuendesha monasteri na kusaidia wengine, basi. Kwa muda mrefu aliyetaka kreti aliagiza mapema, akaandikisha namba ya gari lake, akaifuata mwenyewe langoni. Mwaka 2011, walipohitaji fedha za kujenga upya monasteri, walikubali kuuza kwenye maduka makubwa kwa muda, ujenzi ukapata fedha, wakarudi kwenye utaratibu wao.

Kuna jambo jingine pale lililonifurahisha kuliko bia yenyewe. Hamira ya Westvleteren inatoka Westmalle, monasteri nyingine ya Trapisti upande wa Antwerp. Siku ya kupika inafuatwa, inaletwa, inatiwa. Bia mbili zinazoshindana sokoni zinachachuliwa kwa hamira moja, kama majirani wanaoazimana kaa la moto.

Ng'ambo ya barabara kuna mkahawa wa In de Vrede. Mchana ule ulijaa wazee waliokuja kwa baiskeli. Walikula mkate na jibini la monasteri, wakanywa polepole, glasi moja kwa saa nzima, na kila bia kwa glasi yake yenye mdomo mpana na shina. Sikuona aliyelewa. Meza yetu walikaa mume na mke wenye umri wa wazazi wangu. Bwana aliuliza ninatoka wapi. Nikasema Tanzania, magharibi, karibu na Burundi. Akachangamka: mjomba wake alikuwa mmisionari Burundi, mmoja wa wale wa kanzu nyeupe. Kisha akauliza tunakunywa nini kwetu.

Nilianza kumweleza juujuu, kama mtu anayejua msikilizaji atachoka. Hakuchoka. Aliniuliza ni ndizi za aina gani, zinaiva siku ngapi, nyasi zinafanya nini, mtama unakaangwa kiasi gani, inakaa siku ngapi kabla ya kuharibika. Mkewe akauliza nani anaonja kwanza. Nikamwambia mwenye nyumba, ili mgeni aone hakuna sumu, halafu wazee, halafu wengine, kila mtu na zamu yake kwenye mrija. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama niliyemsomea kanuni ya monasteri. Nimekaa kwenye vikao vingi vya maendeleo Kakonko na Kibondo. Tumezungumza muhogo, mihogo tena, tumbaku na asali. Pombe ya ndizi ikitajwa huwa ni kwenye agenda ya ulinzi na usalama.

Na wao pia waliwahi kuwa na vita na kileo. Mwaka 1919, bendera yao ikiwa bado inapepea Kasulu, bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria iliyopewa jina la waziri Emile Vandervelde, ikapiga marufuku kuuza pombe za kukenekwa kwenye baa. Wafanyakazi walikuwa wanaangamia kwa jenever, gongo lao. Sheria hiyo ilidumu hadi miaka ya 1980. Wanywaji waliozoea ukali wakaugeukia ule uliobaki halali, na wapishi wa bia wakawapa bia nzito. Westmalle walitoa Tripel yao, ya rangi ya dhahabu na yenye nguvu, mwaka 1934. Kwa maneno mengine, serikali ya Ubelgiji ilikichapa kilichokenekwa na kukiacha kilichochachuliwa kistawi. Kwetu gongo limepigwa vita kwa haki kabisa, limeua na kupofusha watu, lakini fimbo ile ile inaishukia na pombe ya ndizi. Zote zinaitwa pombe za kienyeji, zinawekwa kapu moja, na mama anayeuza ndoo moja ya pombe ya ndizi sokoni Muhange anakimbia sawa na mwenye mtambo wa gongo porini.

Chakula cha Flandria kinastahili aya yake. Nyama ya ng'ombe inapikwa kwa saa nyingi ndani ya bia nyeusi, pamoja na kitunguu na kipande cha mkate kilichopakwa haradali, mpaka mchuzi unashika kijiko. Inaliwa na chipsi, na chipsi zao zinakaangwa mara mbili. Nilikula nikatamani ugali wa muhogo. Mchuzi wa namna ile kupewa chipsi ni kuuonea.

Kusini, kuelekea mpaka wa Ufaransa, nchi inainuka. Misitu, mabonde, ukungu wa asubuhi: kwa mara ya kwanza nilijiona niko karibu na kwetu, ingawa misitu yao inapungua kwa mpango na yetu kwa mkaa. Monasteri ya Orval iko bondeni. Wenyewe husimulia kwamba Matilda wa Toscana, bibi mtawala wa karne ya 11, alidondosha pete ya ndoa chemchemini, akaomba, na samaki akaibuka nayo mdomoni. Samaki huyo na pete yake ndiyo alama ya bia yao. Mwaka 1793 askari wa mapinduzi ya Ufaransa waliichoma monasteri, na magofu yake bado yapo. Iliyopo sasa ilianza kujengwa mwaka 1926, na kiwanda cha bia kikaanzishwa mwaka 1931 ili kulipia ujenzi.

Orval wanatengeneza bia moja tu ya kuuza madukani, na ukiagiza pale jirani unaulizwa unataka changa au kongwe. Hiyo ni kwa sababu kabla haijafungwa inatiwa hamira ya mwituni, inayoendelea kufanya kazi ndani ya chupa kwa miezi na miaka. Nikaagiza zote mbili. Mhudumu aliinamisha glasi, akamimina taratibu kwa mkono usiotikisika, akaacha kidole kimoja cha bia chini ya chupa pamoja na mashapo. Changa ilinuka maua, uchungu wake mkali na safi. Kongwe ilikuwa kavu, maua yamekufa, na mahali pake pameingia harufu ya ngozi na zizi. Niliipenda kongwe zaidi. Yule mhudumu akanisogezea chupa yenye mashapo, kwa ishara kwamba naweza kuyanywa pia. Nikayanywa. Watu wa machicha hatuogopi mashapo.

Mwaka 2013 Orval ilipata mkuu wa upishi wa bia mwanamke, Anne-Françoise Pypaert, wa kwanza kushika nafasi hiyo katika viwanda vya Trapisti. Huko ilikuwa habari. Buha, mwanamke anayepika pombe ya mtama akapewa heshima ya ufundi wake, hilo halikuwahi kuwa habari. Tuliliacha lenyewe lififie.

Chimay sikukawia, ila sina budi kuitaja. Monasteri yake, Scourmont, ilianzishwa mwaka 1850 kwenye ardhi isiyozaa, ikaanza bia mwaka 1862. Mwaka 1954 wamonaki wa Scourmont walianzisha monasteri Mokoto, Masisi, huko Kivu Kaskazini, Kongo. Mei 1996 watu waliokimbilia ndani ya kuta za Mokoto waliuawa humo. Mwisho wa mwaka huohuo Wakongo walivuka Ziwa Tanganyika kwa maelfu, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu. Jina Chimay kwa watu wengi ni glasi ya bia nyeusi na kipande cha jibini. Kwangu lilianza kuwa na jiografia.

Na hata Ubelgiji wanahangaika. Bia inaruhusiwa kubeba nembo ya Trapisti ikiwa imetengenezwa ndani ya kuta za monasteri, chini ya uangalizi wa wamonaki, na faida isiyo ya mahitaji yao iende kwenye kazi za huruma. Achel, mojawapo ya monasteri sita za Ubelgiji zilizokuwa na nembo hiyo, iliipoteza mwaka 2021 kwa kukosa wamonaki wa kuishi pale, na miaka miwili baadaye ikauzwa. Nani atapika bia ya watawa vijana wakiacha kuingia utawani? Kwetu watu wapo tele, wanaokufa ni migomba. Mnyauko umeipiga Kagera na kufika Kigoma, na ndizi za pombe ndizo zinazoupata upesi, kwa kuwa wadudu huubeba kutoka ua hadi ua. Dawa yake ni kukata ua la dume mapema kwa kijiti chenye pacha, kutotumia panga, na kung'oa shina lililougua. Nimeona mashamba Kakonko ambako mwenye shamba amefanya hivyo na ndizi zimerudi. Nimeona pia ambako hakufanya, na sasa ni muhogo mtupu.

Novemba 2016 utamaduni wa bia wa Ubelgiji uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Kikao kilichopitisha kilifanyika Addis Ababa. Wabelgiji walikuja Afrika kuomba heshima ya bia yao, wakaipata, na ninawapongeza. Hawakuombea ulevi. Waliombea ufundi, mapipa, glasi, vyama vya wapishi na mazungumzo mezani. Arusha tayari kuna kiwanda kinachotia pombe ya ndizi kwenye chupa na kulipa kodi, kwa hiyo hakuna anayeweza kuniambia haiwezekani Tanzania.

Halmashauri ya Kakonko isinijengee kiwanda. Ianze na mambo madogo: iitenge pombe ya ndizi na gongo katika sheria ndogo zake, iwakalishe akina mama wanaojua kazi pamoja na mtu wa maabara, wakubaliane maji yachemshwe na mtumbwi uachwe, na iwape mahali pa kuuzia penye paa. Saa za kunywa zilindwe kwa ukali uleule wa sasa. Hata wamonaki wana kengele.

Nawe msomaji, ukipita kwenye lami ya Nyakanazi kwenda Kasulu, simama Kakonko siku ya soko. Usikubali ndoo ya plastiki ya kwanza utakayooneshwa. Uliza kama maji yalichemshwa, kisha uliza imekamuliwa lini. Ya jana bado ni tamu. Ya juzi ndiyo pombe. Ya siku ya nne waachie wenyeji.